Divai ya Mwaka wa Mvua

Dereva wa lori la kabichi ndiye aliyeniletea habari hapa Sake, huku akikaza kamba za mzigo wake: yule mzee wa mizabibu, kule milimani juu ya Nyamitaba, amefariki, na amekwisha kuzikwa. Nilikaa kwenye gunia lililokuwa karibu. Mwenye gunia akanifukuza, nikakaa kwenye jingine. Wasomaji wangu mnajua sina haraka ya kuwasifu wafu, maana nimeona wavivu wengi wakizikwa kama mabingwa wa jembe. Lakini huyu nilimkosea, na mnivumilie leo nikisimulia jinsi ilivyokuwa.

Alikuwa mkulima wa maharagwe, Mkristo mtulivu, na alikuwa hajawahi kuona zabibu hata kwa ndoto. Miaka ya vita vya Wazungu, meli za Ulaya zilipoacha kuleta divai ya misa, padri mkongwe wa misioni yetu alipanda shamba la mizabibu ya aina iitwayo pinot noir, akamkabidhi yeye. Kwetu hakuna majira ya baridi, kwa hiyo mizabibu haikujua wakati wa kulala. Kila mwaka mzee aliichuma majani yote kwa mkono, jani kwa jani, ili idhani baridi imefika. Mkewe alikuwa akisimama kando ya shamba na kumlalamikia mumewe: "Papa, maharagi inaomba palizi, na weye uko unavula miti nguo!" Kwa kuwa misioni haikuwa na ghala la chini ya ardhi, alizika chupa shimoni, zikiwa zimefunikwa kwa majani ya migomba, kama tunavyozika ndizi ziive. Kila mavuno yalikuwa na shimo lake, na shimo lilikuwa na jina: mwaka wa jua, mwaka wa mvua, mwaka ndege walipotutangulia. Jambo la kuchekesha ni kwamba sheria ya wakoloni ya siku zile ilimkataza mtu mweusi kunywa divai. Basi mzee alionja akatema, alionja akatema, zaidi ya miaka kumi, bila kumeza hata tone.

Padri mkongwe akarudi kwao, akaja mwingine, mtu wa vipimo. Alifungua divai ya mwaka wa jua: nzito, nyeusi, tamu kinywani. Akamsifu mzee mbele ya watu wote. Wiki iliyofuata akafungua ya mwaka wa mvua. Hii ilikuwa nyepesi na chachu, na rangi yake ilifanana na maji yaliyosuuziwa kikombe cha ile ya kwanza. Padri akaona ameibiwa, na divai imeongezwa maji. Aliwaita wazee watatu wa parokia, pamoja nami niliyekuwa mwalimu wa shule ya misioni, akamsimamisha mzee katikati yetu.

"Shamba moja, miti moja, mkono moja," padri alisema. "Namna gani divai mbili?"

"Mupe," mzee akajibu, akimwita padri kama tulivyozoea, "maharagi yangu nayo iko ya shamba moja. Mwaka ya jua inajaza gunia, mwaka ya mvua inaoza. Na maharagi nilitia mayi?"

Padri akaamuru tuonje, ila tuteme, kwa sababu ya sheria. Mzee wa kwanza wa parokia alitema. Wa pili alitema nusu. Wa tatu, mtu wa Walikale aliyefuata mke huku kwetu, alifumba mdomo, akatazama dari, koo likapanda na kushuka. "Bado sijaelewa muzuri," akasema, akinyoosha kikombe. "Munipatie tena." Aliendelea kutoelewa mpaka chupa ikaisha.

Ikabaki zamu yangu, na padri alikuwa akinitazama. Nilikuwa kijana, nina viatu vipya na kalamu ya wino mfukoni. Nikatema upesi, nikasema divai ina maji. Kisha, ili elimu yangu ionekane, nikaongeza methali niliyokuwa nikifundisha darasani: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Padri alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee alinyimwa Komunyo na kuondolewa katika kuongoza sala za kijiji chake. Shamba aliachiwa, kwani hapakuwa na mwingine anayejua kuvua miti nguo. Aliomba jambo moja tu: "Chupa zingine za mwaka ya mvua zisiguswe. Kama iko na mayi, itakufa mu udongo. Kama njo divai ya kweli, itakomaa. Tungoje."

Tukangoja miaka mitatu. Kila Jumapili mzee alikaa benchi la nyuma, kati ya mwenye wake wawili na yule aliyempiga katekista ngumi. Wengine walipopanga mstari kwenda altareni, yeye aliangalia magoti yake. Sokoni Ngungu, akina mama wakinunua maziwa waliuliza kwa sauti kama ng'ombe huyo ni wa mzee wa mizabibu. Watu walicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Hatimaye serikali ikaondoa lile katazo la divai, na padri akaagiza mashimo yafukuliwe mbele ya baraza lile lile. Divai ya mwaka wa jua, ile aliyoisifu, ilikuwa imechoka, inanuka ngozi kuukuu. Kisha akafungua ya mwaka wa mvua. Harufu yake ilimfanya padri avute kiti akae. Alikunywa, akajimiminia tena, na hakuna aliyemkumbusha kutema. Baadaye akasimama, akasema, "Nilikosa," akamjazia mzee kikombe. Tulimtazama akimeza divai yake kwa mara ya kwanza maishani. Alikunja uso. "Si mubaya," akasema. "Lakini kasiksi ya mama iko bora," yaani pombe ya ndizi ya mkewe. Jumapili ile alipokea Komunyo, na mkewe alilia kwa sauti mpaka kwaya ikapotea.

Mimi nilichelewa wiki mbili kabla ya kumwendea. Nilimkuta shambani akichuma majani. Nikamwambia kwamba siku ile sikujua lolote, nilimwogopa padri tu.

"Najua, Mwalimu," akasema bila kuacha kazi. "Ulitema kabla ya kuonja. Nilikuona."

Nikamuuliza mbona hakunitaja miaka yote mitatu.

"Ulikuwa ungali mubichi," akasema. "Na weye nilikuwa nakungoja."

Wasomaji wangu, kabla hujasema mtu ametia maji, kunywa kwanza. Na kama umekwisha kusema, nenda kamwambie umekosa, angali hai. Mimi nilibahatika kumkuta shambani.