Mawe ya Mama wa Omena

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, mama aliyekuwa akianika omena ufuoni Sori alikunja wavu juu ya samaki wake na kuanza kupanga mawe pembeni. Ziwa lilikuwa limetulia. Nilikuwa nimekaa na ubao wangu wa kutelezea mawimbini, nikimsubiri mwenye hoteli kutoka Homa Bay. Alitaka kuununua kwa shilingi elfu nne aufanye meza. Mwaka mzima nilikuwa nimejifunza kwa video za baharini, na sikuwahi kusimama juu yake hata mara moja.

"Mawe ni ya nini, mama?"

"Upepo iko njiani. Nani atanunua omena iko na mchanga? Baba ya ubao, wewe unaangalia simu, mimi naangalia pale."

Mbali majini palikuwa na mstari mweusi, upepo ukisukuma mawimbi kuja kwetu. Alipoweka jiwe la kumi na mbili, niliingia ziwani na ubao wangu. Mawimbi yalikuja mafupi, yakifuatana bila kupumzika. Video zilifundisha kungoja wimbi la tatu. Mimi nilichukua la kwanza. Nilisimama kwa sekunde nne.

Nilipotoka, mnunuzi alikuwa amefika, pesa mkononi.

"Umechelewa, ndugu yangu," mama alimwambia. "Huyu amesimama. Hawezi uza tena."

"Ni kweli?" akaniuliza.

Nilikubali, nikamrudishia nauli ya kuja na kurudi, shilingi mia sita. Kwa hiyo siku hiyo nilipoteza shilingi elfu nne na mia sita.