Mwachie Mgeni Ashinde

Huko Rego Park, mtaa wa Queens, neno mtihani lilikuwa halitamkwi mbele ya mtoto wa miaka minne. Aliyelipiga marufuku ni Faina Rozenblat, aliyesomesha hesabu Tashkent, Uzbekistan, kabla ya kuhamia New York. Watoto walioletwa jikoni kwake kutayarishwa kwa ajili ya darasa la wenye vipaji, ambalo mtoto huingia kwa kupimwa, waliambiwa tu kwamba siku moja watakwenda shuleni kucheza na mama mmoja. Yeye ataonyesha maumbo, wao wataonyesha kwa kidole lipi linafuata. Asiyejua kuwa anapimwa hatetemeki, na kweli wanafunzi wa Faina hawakutetemeka. Walifaulu mwaka hadi mwaka, na mama zao wakamletea keki ambazo hakuzila.

Safari hii ilikuwa zamu ya Emil, mjukuu wake. Akikosa nafasi, ataandikishwa shule ya hapo jirani, ambayo Inessa, mama yake na binti wa Faina, aliitaja kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Siku ilipofika, Emil akaingia chumbani na mpimaji, mlango ukafungwa, Faina na Inessa wakangoja nje. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetenda wema.

"Haya baba, mmecheza?" Faina akauliza.

"Tumecheza. Yule mama hajui kitu, bibi. Hata pembetatu ananiuliza mimi."

"Ukamwonyesha?"

"Mwanzoni. Halafu nikamwachia ashinde."

Inessa akashika ukuta. "Ukamwachia vipi?"

"Nikawa naonyesha zile ambazo siyo." Akaona hawajaelewa, akawasaidia. "Si bibi huniachia tukicheza dama? Alisema mgeni naye unamwachia kidogo, asijisikie vibaya."

"Mama," Inessa akasema polepole, "umemfundisha mwanangu kushindwa."

"Nimemfundisha adabu. Kushindwa kajiongezea mwenyewe."

Kesho yake Faina akapiga simu ofisi inayosimamia upimaji, akaeleza kisa chote bila kuruka kitu.

"Kwa hiyo mtoto amekosea kwa sababu ana akili nyingi mno," akasema afisa.

"Hasa."

"Mama, leo wewe ni wa tatu kupiga na sababu. Wa kwanza, mtoto wake alikuwa amevishwa soksi zinazowasha."

Nafasi ikaenda kwa mwingine. Kundi lililofuata Faina aliliambia ukweli: huu ni mtihani, yule mama analipwa mshahara, msimwonee huruma. Mtoto mmoja akaangua kilio palepale, na wazazi wake wakamhamishia kwa mwalimu wa mtaa wa pili, mpole zaidi, ambaye bado alikuwa anauita mchezo.

Septemba, shule zilipofunguliwa, Faina alipokuwa akimvalisha Emil begi aende shule ya jirani, mtoto akageuka.

"Bibi, yule mama alifurahi aliposhinda?"

Faina akamweka sawa mkanda wa begi, ingawa ulikuwa sawa tayari.

"Alifurahi sana," akasema. "Mwaka mzima hakuna mwingine aliyemwachia."