Mguu Umeregea

Nangila wa Kabuchai hakuzoea kubebwa. Yeye ndiye aliyebeba. Mizigo ya miwa aliijua tangu utotoni, na alipojiunga na timu ya raga ya akina dada mjini Bungoma, hakukuwa na mjadala. Akapangwa safu ya mbele, kule mabega yanakogongana. Wapinzani walimwogopa, naye, tusifichane, alifurahia kuogopwa.

Katika mechi moja Kitale, skramu, lile fungu la wachezaji wanaosukumana bega kwa bega, iliporomoka, watu wakamwangukia. Aliinuka akicheka. Kesho yake maumivu yakatoka kiunoni yakateremka hadi wayoni, na siku chache baadaye mguu wa kulia ukaanza kulegea. Akawa anauburura.

Kocha wa timu, Chepngeno, mkazi wa Kitale, akampigia simu.

"Mguu iko aje?"

"Imeregea, Kocha. Imeregea kabisa."

Sasa, Bungoma ni Bungoma: L na R hubadilishana viti bila kuombana ruhusa. Nangila alimaanisha umelegea; Kocha, mgeni wa lafudhi hiyo, akasikia umerejea.

"Asante Mungu! Basi Jumamosi ukuje mazoezi, ukimbie polepole."

Nangila alishangaa, lakini kocha ni kocha. Akadhani kukimbia ndiyo dawa ya mguu uliolegea. Jumamosi, hata kabla ya kugusa mpira, alijikwaa kwenye nyasi tupu akaanguka kifudifudi.

"Si uliniambia mguu imerudi?" Chepngeno aliuliza, akiutazama wayo uliolala.

"Nilikuambia imeregea, bana!"

Kocha akashika kichwa. Hofu ilimwingia, akamkimbiza hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari Abdikarim alimwonyesha picha ya ndani ya mgongo wake. Nangila akaisogelea. Pingili juu ya pingili, zimepangwa bila kosa, na katikati yake mishipa ya fahamu ikishuka, myembamba kama nyuzi za kushonea. Miaka yote hiyo alikuwa akisukuma skramu kwa kitu kizuri namna hii, wala hajui!

"Diski hii, kimto kilicho kati ya pingili, imechomoza, inabana mshipa wa mguu," daktari alisema. "Wengi wenye shida hii hupona bila kisu, kwa dawa na mazoezi ya tiba. Lakini mguu ukizidi kupoteza nguvu kama huu wako, hatukai tukingoja, tunapasua. Na mkojo ukikataa kutoka, au ganzi ikishika katikati ya mapaja, hiyo ni dharura ya saa ile ile."

"Mtanitoa uti wa mgongo?"

"Hapana. Kile kipande kilichochomoza tu. Ila nguvu ya mguu siwezi kukuahidi. Mshipa uliobanwa wakati mwingine hupona wote, wakati mwingine nusu, wakati mwingine hukataa."

Maneno hayo aliingia nayo chumba cha upasuaji.

Alipozinduka, mama yake, Peris, alikuwa kando ya kitanda. Daktari akafunua shuka.

"Inua kidole gumba cha mguu wa kulia."

Nangila akakiamuru. Kimya. Akakiamuru tena, jasho likimtoka, yeye aliyewahi kurudisha nyuma skramu nzima. Kidole kikatetemeka. Halafu, taratibu mno, kikainuka.

Hakupiga kelele. Alikitazama kama kwamba si chake, machozi yakimwingia masikioni, akijiona mdogo mbele ya mwili wake mwenyewe. Peris akapiga magoti, akakifumbata kidole kile kwa mikono yote miwili.

"Mama," Nangila akanong'ona, "usikishike kwa nguvu."