Loki Tisa za Bi Nyundo

Shangazi yangu ni fundi bodi, nami ni msaidizi wake. Amenyoosha mabati ya magari miaka ishirini na sita, na gereji nzima humwita Bi Nyundo. Ni mbishi wa kupindukia. Ukimwambia kumekucha, atatoka nje kwanza ahakikishe.

Mwezi uliopita kiwanda kilileta barua. Aina fulani ya gari ilitengenezwa na loki mbovu ya boneti. Gari likiwa kasi, loki inaweza kuachia, boneti ikafyatuka na kumziba dereva kioo chote. Magari yaliyomo kwenye orodha yarudishwe, yabadilishiwe loki bure. Meneja akabandika orodha ukutani, akaanza kuwapigia wateja simu.

Jioni ile shangazi alikaa kitandani na ovaroli lake, chakula hakukigusa.

"Zile loki tulizong'oa kwenye magari ya ajali," akaniuliza, "unadhani tulizitupa?"

Hazikutupwa. Pale gereji, gari likigongwa nyuma likafa, vipuri vya mbele hupakwa rangi na kufungiwa mteja mwingine, naye huambiwa ni vipya. Loki tisa za aina ile shangazi alizifunga kwa mikono yake kwenye magari yaliyotengenezwa miaka mingine kabisa. Hayakuwamo kwenye orodha, kwa hiyo wenyewe hawangepigiwa simu na mtu yeyote. Nilimwona analia, na shangazi si mtu wa kulia.

Asubuhi akamvaa meneja.

"Mama, gari kama halimo kwenye orodha, halimo."

"Boneti haisomi orodha, mwanangu."

"Unataka watu wajue tuliuza spea chakavu? Na aliyezifunga ni wewe. Ukitutaja sisi, umejitaja."

"Basi nitaanza na jina langu."

Saa nne akaingia mkunga wa zahanati, taa ya nyuma ya gari lake imekufa. Lake ni mojawapo ya yale tisa, na kila siku hupita nalo barabara kuu. Meneja akamsogelea shangazi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akigusa boneti ile, kesho asije.

Shangazi akaifungua. Akang'oa loki, akamwekea mkunga kiganjani.

"Dada, hii niliitoa kwenye gari la ajali nikakufungia wewe. Niliona ni nzima, kumbe mbovu. Kosa ni langu, na magari mengine manane yana loki kama hii. Liache gari hapa."

Mkunga akaigeuzageuza loki. Kisha akauliza mengine yako wapi.

Kabla ya saa sita shangazi alikuwa ameshafukuzwa. Mimi nilipandwa na hasira, nikamwambia angalau aombe radhi arudishiwe kazi. Alinitazama mpaka nikaona aibu.

Tangu siku hiyo anazunguka mlango kwa mlango na boksi lake la spana, akiyatafuta magari yale mengine. Wengine humshukuru, wengine humtukana. Mfanyabiashara mmoja alitishia kwenda kumwitia polisi. Shangazi akamwambia aende tu, ila aende kwa miguu.

Amepata manane; la tisa bado. Jana meneja alimtumia karatasi: atie saini kwamba magari yote mabovu yamesharudishwa, na Jumatatu arudi kazini. Shangazi aliisoma mara mbili, akaomba kalamu. Pale pa saini akaandika namba ya gari la tisa, akairudisha.