Kibanda Juu ya Kigingi

Kaka yangu alipoleta pikipiki ya umeme, watu wa Nyangoto walicheka. Walisema haina sauti, itagonga kuku na kuku hatajua kilichomuua. Yeye hakujali. Shida yake ilikuwa moja: umeme wa kwetu ni mdogo. Jioni watu wakiwasha taa, balbu inakuwa nyekundu kama jicho la mlevi na betri haipandi. Ilibidi akachaji Tarime mjini, na akifika nyumbani chaji nyingi imeshaliwa na barabara.

Kwa hiyo mafundi wa umeme walipokuja kupima, kaka aliwabebea vigingi mwenyewe. Walieleza mkutanoni kwamba laini itaongezwa nguvu, transfoma kubwa itasimama kando ya barabara, na chini yake kitajengwa kituo cha kuchajia pikipiki na bajaji. Laini ingepita shamba letu la mahindi, pale tunapopakana na baba mkubwa. Wakapigilia vigingi, wakafunga utepe mwekundu, wakaondoka.

Kwetu ukiona utepe mwekundu huulizi ni wa nani. Unategesha. Tangu mgodi uanze kuchukua ardhi, watu wamezoea kusimamisha kibanda haraka haraka penye kigingi, ili wathaminishaji wakija wakute nyumba ya kulipia fidia. Asubuhi iliyofuata tulikuta kibanda cha miti na mabati makuukuu juu ya kigingi chetu. Baba mkubwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, mwanawe anakandika udongo.

"Shikamoo baba mkubwa," kaka alisema. "Hapa ni pa nguzo. Kibanda hakilipwi. Mafundi wakikuta ugomvi watahamisha laini."

"Mgodi unapanuka. Mimi si mtoto."

"Ni umeme, baba."

Mwanawe akatema mate. "Umetahiriwa juzi, leo unafundisha wazee? Nenda ukanyonyeshe pikipiki yako!"

Kaka akang'oa mti wa kona. Panga la kukatia fito lilikuwa pale chini. Sikuliona likinyanyuliwa, nililisikia tu, sauti kama ya kukata muwa. Vidole vya mkono wake wa kulia vikaanguka kwenye udongo uliokandwa. Kaka akachomoa kigingi kwa mkono wa kushoto, akampiga nacho mwana wa baba mkubwa kichwani, akampiga tena akiwa ameshapiga magoti.

Mama akapiga yowe. Kwetu yowe ni la ng'ombe walioibwa, basi wanaume wakatoka kila upande na mapanga na pinde, na walipofika hakuna aliyeuliza ng'ombe wako wapi. Kila mmoja alichagua upande, wakakatana. Mimi nilikuwa nimeukumbatia mkono wa kaka ndani ya sweta yangu ya shule. Darasani siwezi hata kujibu swali, lakini siku ile nilimtukana baba mkubwa matusi ya Kikurya ambayo sikujua kama nayajua.

Hakufa mtu. Mafundi waliporudi, msimamizi wao aliona damu kwenye utepe, akasema, "Hapa tunazunguka." Transfoma ikasimama mbali zaidi, na njia ya kwenda kituoni inapita mbele ya mji wa baba mkubwa. Mthaminishaji hajaja. Kwenye kibanda wanalala mbuzi.

Kaka hawezi tena kusokota mkono wa pikipiki. Ilikaa ndani imefunikwa khanga, mpaka siku moja akaniambia, "Utaendesha wewe. Haina gia, haina kelele. Mnafanana."

Sasa nikitoka shule nampeleka kituoni, yeye nyuma, panga limefungwa kwenye kiroba katikati yetu. Mpini unanichoma mgongoni. Kwenda ndiko kubaya, kwa sababu betri iko chini na pikipiki haikimbii. Mwana wa baba mkubwa husimama barabarani na kovu lake, anatuangalia.

Jana aliinama, akaokota jiwe.

"Usipunguze," kaka aliniambia sikioni.

Nilisokota mpaka mwisho. Jiwe liligonga betri, hatukusimama.