Dawa Kwenye Tangi

Mtaa mzima ulimwita Mama Koki. Watoto anao, na majina wanayo, ila mtu akikaa mlangoni pa tangi la maji miaka nenda rudi, akifungua koki asubuhi na kuifunga jioni, akiwagombeza wanaoruka foleni na kuwabebea ndoo wajawazito, watu husahau wanawe wanaitwa nani. Ufunguo wa kibanda cha tangi aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa akitania kwamba yeye na lile tangi ni wake wenza, na kwamba tangi ndilo mke mkubwa.

Baada ya tangi, aliyempenda zaidi ni wifi yake, dada mdogo wa mumewe, msusi wa saluni ya pale kona. Habari haikumpita wifi huyu. Alikuwa na simu mbili, na vijana walimtania kwamba yeye ndiye wifi ya bure, isiyohitaji nywila. Alipojifungua, Mama Koki ndiye aliyelala sakafuni hospitali kumwangalia, na ndiye aliyemwogesha mtoto mpaka kitovu kikadondoka. Hawakuitana kwa majina. Ilikuwa wifi huku, wifi kule, kutwa nzima.

Basi mvua kubwa ikapasua bomba kuu, maji yakaingia tangini na rangi ya chai. Watu wa idara ya maji wakampa maelekezo: dawa ya kusafishia maji iongezwe kuliko kawaida, kisha tangi lipumzike mpaka kesho yake. Akafanya hivyo. Akaandika kwenye kipande cha boksi, LEO HAKUNA MAJI, akakitundika mlangoni. Halafu, kwa kuwa wifi ana mtoto mchanga na si mtu wa kusoma maboksi, akamtumia ujumbe wa sauti, yeye peke yake.

Maji yalitulia, koki ikafunguliwa, foleni ikaendelea kama kawaida. Kisha asubuhi moja hakukuwa na foleni.

Mama Koki alidhani wamechelewa kuamka. Akafagia mlangoni, akapanga mpira wa maji, akasubiri. Jua likapanda. Wanawake walipita na madumu yao wakielekea kisima cha nyuma ya gereji, kile ambacho siku zote kilikuwa cha kuoshea magari tu. Aliowasalimia waliitikia wakiwa wameshampita. Alipouliza kulikoni, mmoja akamjibu bila kugeuka, "Si umekiri mwenyewe? Simu zote zinayo sauti yako."

Sauti gani? Hakuna aliyetaka kumsikilizisha. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshamtoa kwenye kundi la simu, eti amani ipatikane. Alichookota ni maneno ya pembeni: kwamba amelipwa atie tangini dawa ya kuwafunga wanawake vizazi, na kwamba yeye mwenyewe amesikika akisema. Alicheka kwanza. Halafu watoto wa mtaa wakaanza kuharisha, na kila aliyeharisha akahesabiwa kuwa ni wa tangi, hata kama mama yake hakuwa amechota hapo kwa siku kadhaa. Mwenyekiti akaitisha mkutano Jumamosi mchana, katika darasa la shule ya jirani. Ajenda ilikuwa moja: ufunguo.

Mtu mmoja tu hakumkimbia. Kila siku kabla jua halijapanda, wifi alikuja kwa mlango wa nyuma na ndoo zake, mtoto mgongoni. "Wifi, waache waseme," alimwambia. "Mimi nakuamini. Maji yako ndiyo anayokunywa mwanangu." Mama Koki alimjazia ndoo huku machozi yakimtoka. Nyumbani alimwambia mumewe kwamba katika dunia hii, ukiwa na mtu mmoja wa namna ile, umeshatosheka.

Jumamosi asubuhi, fundi viatu mwenye kibanda mkabala na tangi alichoka kumwona amekaa peke yake kama mlinzi wa makaburi. Akavuka barabara, akampa simu yake. "Dada, mimi sauti hii siielewi. Imeanza katikati, kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Hebu sikiliza mwenyewe."

Juu ya ile sauti palikuwa pameandikwa: SIKILIZENI, MHUSIKA ANAKIRI. Akabonyeza.

"Nimeweka dawa kwenye tangi, na leo nimeizidisha."

Basi. Mwisho. Ilikuwa sauti yake kabisa, hata kikohozi chake kidogo kilikuwamo. Mpaka hapo alikuwa na hakika kwamba kuna mtu amemwigiza. Sasa alijua ni yeye aliyesema, na alijua alimwambia nani, kwa sababu alimwambia mtu mmoja tu. Alirudisha simu ya watu, akatoa yake, akapekua mazungumzo yake na wifi. Ujumbe ulikuwepo, mzima, na alama ya kwamba umesikilizwa.

Hapo ndipo zile ndoo za alfajiri zilipomgeukia. Aliziona upya, moja moja. Wifi hakuwa akichota kwa sababu anamwamini. Alichota kwa sababu ndiye mtu pekee mtaani aliyesikia ujumbe mpaka mwisho, na alijua maji hayana neno. Mama Koki alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka saa ya mkutano.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Wifi alikuwa amekaa nyuma, anambembeleza mtoto. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa ametundikiwa dripu siku iliyotangulia, ndiye aliyesimama kwanza. "Mimi sina maneno mengi. Sauti ni yako au si yako?"

"Ni yangu," alisema Mama Koki.

Watu wakaguna. Mwenyekiti akanyoosha mkono aupokee ufunguo.

"Ni yangu, lakini imekatwa mbele na nyuma. Kama kuna mtu humu anayejua ilivyoanza, namwomba aseme yeye." Alimtazama wifi, na Mungu ni shahidi kwamba alitamani asimame, aseme hata neno moja, mambo yaishe kindugu. Wifi akaanza kumfunga mtoto kofia. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena.

Basi Mama Koki akaweka simu yake juu ya meza ya mwalimu.

"Wifi, usije leo kuchota. Nimeweka dawa kwenye tangi, na leo nimeizidisha. Subiri kesho ikishatulia, ndipo umchukulie mtoto maji. Kama huna akiba, nitakuletea dumu langu."

Darasa zima likageuka nyuma.

"Ulikuwa utani tu," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Wa saluni. Niliwarekodia wasusi wenzangu kale kapande kwa simu yangu ya pili, nikawaambia wifi yangu kaweka dawa kwenye tangi, kesho mtaa mzima tutaamka na nywele zimelala. Tukacheka. Hayo ya vizazi sikuandika mimi."

Na ni kweli hakuandika. Saluni, kuweka dawa ni kulainisha nywele, na utani wenyewe haukuwa mbaya. Mtu mwingine aliubeba, akaacha kicheko, akabaki na sauti.

"Utani nimekusamehe," Mama Koki alisema. "Lakini maji ulikuwa unachota. Ulijua ni salama, ukamnywesha wako, wa wenzako ukawaacha wanywe ya gereji. Na mimi ukaniacha nikakushukuru."

Yule mama wa dripu aliketi taratibu, akafunika uso kwa khanga. Mwenyekiti alikuwa bado amenyoosha mkono, akauangalia, akauweka mfukoni. Fundi viatu akauliza kama kuna yeyote aliyejiuliza ile sauti imeanzia wapi kabla ya kuisambaza. Wengi mle darasani walikuwa wameisambaza kabla hata haijaisha kucheza, na ilikuwa ya sekunde chache.

Foleni ilirudi, pamoja na wanaoiruka. Siku hizi mtu akitupa habari ya kutisha kwenye kundi, hujibiwa mara moja, "Lete na mwanzo wake," na asiyekuwa nao huifuta mwenyewe kwa aibu. Mama Koki amerudishwa kundini, naye ndiye anayewasisitiza kuliko wote: sikilizeni mpaka mwisho, ndugu zangu, mpaka mwisho.

Wifi anachota maji kwa mlango wa mbele sasa. Anapanga foleni, anajaziwa, anaambiwa, "Haya, dada," kama mteja mwingine yeyote.

Alituma ujumbe wa sauti jioni ile ile ya mkutano, mrefu. Mama Koki aliufungua. Ulianza na kilio, halafu, "Wifi..." Akausimamisha hapo. Kila akipekua simu anaukuta, na hajausikiliza mpaka leo.