Mama Mkwe kwenye Breki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, hata kanisani. Nilikuwa nimeoa juzi tu. Baba mkwe, kule Manga, alikuwa na gari kuukuu, na kesho yake ndilo lingempeleka shemeji yangu kwenye harusi yake. Nikajitolea kubadilisha mkanda wa taiming, ule unaopanga mwendo wa vyuma vya injini, palepale uani. Nani alinituma? Kiburi tu. Shule sikukaa sana, lakini spana niliijua.

Mkanda huo ukikaa vibaya, vyuma vya ndani vinagongana na injini imekwisha. Harusi nayo ingekwisha, na mimi ningeitwa mkwe gani?

Nikafika kwenye boliti kubwa ya chini. Ilitakiwa mtu akanyage breki, gari likiwa kwenye gia, ili injini isizunguke nikikaza. Wote walikuwa wameenda kuchuma majani chai. Amebaki mama mkwe. Na sisi Wakisii tuna ile heshima yetu, chinsoni: mama mkwe humtazami machoni, wala humtumi kazi. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mtoto. Mtoto hakuwepo. Kulikuwa na kuku.

"Wewe kuku," nikasema nikiangalia ukuta, "tungepata mtu wa kukanyaga breki, ingefaa sana."

"Kuku," mama akajibu, "mwambie huyo naingia."

Kazi ikaenda. "Kuku, kanyaga!" Anakanyaga. "Kuku, achilia!" Anaachilia. Halafu kuku akaona panzi, akaenda zake nyuma ya jikoni. Mimi nimeinama kwenye injini, sioni. "Kanyaga!" Nikavuta spana kwa nguvu zote. Injini ikazunguka, mkanda ukaruka meno, ukahama mahali pake, nikajigonga kichwa.

"Mama! Mbona hukukanyaga?" Heshima yote ilinitoka.

"Kuku ameenda," akasema kwa upole. "Nilijua hayo hayanihusu."

Kisha akaangua kicheko. "Mkwe, harusi ni kesho. Sema na mimi. Chinsoni haitakufa kwa sababu ya breki."

Tukarudia mwanzo, tukisemezana kama watu. Nilipomaliza nikaizungusha injini kwa mkono kwanza, haikugonga popote. Nikawasha, ikaitika.

Basi, mwanangu, wakwe waheshimu sana. Lakini kazi ikiwa mkononi na msaidizi yuko mbele yako, mwambie mwenyewe, kwa maneno wazi. Usimzungukie kupitia jirani wala kwa simu ya dada yako. Mungu akujalie nyumba yenye vicheko, na kila safari yako ifike salama.